Biti za bolti zilizojificha: seti ya dukani, mtumba, kuagiza au kuchongesha? Kwa walioko Arusha na Moshi

Magari mengi yanayopita kati ya Arusha na Moshi ni ya Kijapani, na fundi mwenye spana namba 10, 12, 14, 17 na 19 hufungua karibu gari zima bila kuhangaika. Shughuli huwa kwenye bolti moja iliyobaki. Imekaa nyuma ya injini au ndani ya tundu, kichwa chake hakifanani na vingine, na kila unachojaribu ama hakiingii, ama kinaingia lakini mkono hauna pa kugeukia. Gari liko juu ya stendi, kazi imesimama, na mtu anaanza kuuliza biti ya namna hiyo, yaani kipande cha chuma kinachoingia ndani ya kichwa cha bolti na kukigeuza, inapatikana wapi.

Majibu utakayopewa ni manne. Mmoja atasema nunua seti ya Kichina hapo mjini. Mwingine anaapia vifaa vya mtumba kutoka Japani au Ujerumani. Wa tatu atakuambia usipoteze muda, agiza Dar au Nairobi. Wa nne, mara nyingi fundi wa siku nyingi, atacheka kidogo na kusema, "Chongesha." Wote wana hoja. Ila kila mmoja anazungumzia bolti iliyomsumbua yeye, na yako huenda ni nyingine kabisa.

Cha kupima kabla ya kutoa pesa

Nimezilinganisha njia hizi nne kwa mambo matano: umbo, kufika, chuma, muda na fedha. Matatu ya kwanza yanahitaji maelezo.

Umbo ndilo linaloponza wengi. Torx, ile nyota yenye ncha sita iliyobuniwa Marekani mwaka 1967, hupimwa kwa herufi T na namba: T20, T25, T30 na kupanda. Kuna ndugu yake ambaye nyota iko nje, yaani kichwa cha bolti chenyewe ndicho nyota. Hiyo hupimwa kwa E na inataka soketi, si biti. Volkswagen na Audi wanapenda XZN, yenye ncha kumi na mbili. Ukiichungulia haraka utadhani ni Torx, na balaa linaanzia hapo: Torx ya ukubwa wa karibu huingia, hukaa vizuri kiasi cha kukudanganya, halafu ukiweka nguvu inasaga ncha zote na bolti imeliwa. Alenki ya pembe sita kila mtu anaijua, ingawa namba 7 ina kisa chake. Mwisho kuna skrubu za msalaba za Kijapani. Hizo hufuata kipimo cha JIS, yaani viwango vya Kijapani, na bisibisi ya msalaba ya kawaida, aina ya Phillips, haikai hadi chini ndani yake. Ukikaza mkono inapanda juu na kukwangua kichwa. Skrubu nyingi za JIS utazitambua kwa kitone kidogo kilichochapwa kichwani. Katika nchi iliyojaa magari ya Japani nashangaa jambo hili halizungumzwi zaidi kwenye gereji zetu, maana vichwa vya skrubu vilivyokwanguliwa kwenye matanki ya mafuta ya breki na kwenye diski za Honda vimejaa kila mahali.

Ukienda dukani usiseme "nyota" ukaishia hapo, kwa sababu wauzaji wengi watakupa ile ya msalaba. Taja herufi na namba, au nenda na bolti mwenzake mkononi. Kama zote bado zimefungwa, lainisha nta ya mshumaa, ikandamize ndani ya kichwa cha bolti, uitoe polepole. Umbo utakalolipata linamsaidia muuzaji kuliko picha ya simu yenye giza.

Kufika ni suala jingine kabisa, na mtu anaweza kununua biti sahihi akashindwa kwa sababu hii tu. Pima vitu vitatu: kina cha tundu hadi kwenye kichwa cha bolti, upana wa tundu, na nafasi iliyopo juu ya bolti kwa ajili ya mkono na racheti. Tundu refu linataka biti ndefu au ekstensheni nyembamba. Kizuizi cha pembeni kinataka alenki yenye ncha ya duara kama mpira, inayofanya kazi ikiwa imelala kidogo, au kiungo cha soketi kinachokunjika. (Alenki ya ncha ya duara ni ya kuzungushia bolti iliyokwisha kulegea. Ukiilegezea bolti yenye kutu, shingo yake hukatika na kipande kinabaki ndani.) Nafasi ndogo juu ya bolti ndiyo inayowatesa watu zaidi, na dawa yake ni rahisi kuliko wanavyodhani: biti nyingi za seti za magari zina mguu wa pembe sita wa milimita 10. Ondoa racheti, ondoa adapta inayoishika biti kwenye racheti, chomeka biti fupi kwenye bolti kisha ivishe spana ringi namba 10. Urefu wa kifaa kizima unakuwa sentimita tatu tu, na unageuza kwa mkono wa spana kama kawaida. Nimeona watu wakishusha manifoldi ili kufikia bolti ambayo njia hii ingeifungua palepale.

Kuhusu chuma, biti za bei ya chini huwa za kromu vanadi, na zilizo bora kwa kazi ngumu huwa za chuma kiitwacho S2, ambacho ni kigumu zaidi. Chuma laini hujisokota: ukikitazama baada ya kazi unaona ncha zimepinda kama kamba. Chuma kigumu hakijisokoti, ila kikizidiwa hukatika ghafla. Kujisokota kunakupa onyo. Kukatika kunakuachia kipande kigumu ndani ya bolti, na drili ya kawaida haikitoboi.

Seti ya dukani mjini

Utaikuta kwenye maduka ya vifaa katikati ya Arusha na kuelekea Unga Limited ambako gereji zimejaa, na Moshi kwenye maduka ya katikati ya mji, ingawa kule chaguo ni dogo. Inayouzika zaidi ni sanduku la bati la vipande arobaini hivi: Torx kuanzia T20 hadi T55, alenki kuanzia 4 hadi 12, na XZN kuanzia M5 hadi M12, kila moja ikiwa na biti fupi ya milimita 30 na ndefu ya milimita 75, pamoja na adapta mbili za racheti. Ukiomba biti moja tu, jibu ni lilelile: "Hatuvunji seti, kaka."

Kwa umbo, sanduku hili linakutosheleza sehemu kubwa ya kazi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina skrubu za T30 zinazoshika eabegi, zimefichwa ndani ya matundu pande mbili za usukani; biti ndefu ya T30 inafika pale bila ubishi. Vizibo vya oili kwenye difu ya nyuma ya RAV4 ni alenki 10, nayo imo. Kisichokuwemo ndicho cha kukiangalia kabla hujalipa. Soketi za E hazimo. Bisibisi za JIS hazimo. T70, inayofungua kizibo cha kumwagia oili ya difu ya mbele kwenye Subaru nyingi, haimo. Angalia pia kama alenki 7 imo: seti nyingi za alenki zinaruka kutoka 6 kwenda 8, wakati pini za kalipa za breki kwenye Volkswagen, BMW na Opel nyingi ni 7. Mwenye Golf anaweza kumiliki seti tatu kamili za alenki nyumbani na asiweze kubadili breki padi.

Kufika, seti hii iko vizuri kuliko sifa zake, kwa sababu ya ule mguu wa milimita 10. Chuma ndicho kamari. Neno S2 lililochapwa kwenye biti halina wa kulithibitisha, na masanduku mawili yenye sura moja yanaweza kutoka viwanda tofauti. Mimi hutazama ncha kabla ya kutazama maandishi: kona ziwe kali na sawa pande zote, biti iwe imenyooka ikizungushwa kwenye adapta, na ikichomekwa kwenye bolti isichezecheze. Muuzaji mzuri hakatai ufungue sanduku kwenye kaunta.

Muda ni siku hiyohiyo. Fedha ni kidogo ukigawa kwa idadi ya biti, ingawa nyingi hutazigusa maisha yako yote. Inamfaa mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe, na fundi anayeanza ambaye bado hajui ni biti zipi atazitumia hadi zichakae.

Mtumba

Hivi ni vifaa vilivyotumika nje vikaletwa na vyuma vingine, vinauzwa kwenye vimeza au vimetandazwa chini juu ya turubai, vingine vikiwa na oili ya mwenye navyo wa kwanza. Anayejua kusoma majina hupata mali: KTC, Koken, Tone na Vessel kwa Japani, Hazet, Stahlwille, Gedore na Wera kwa Ujerumani. Soketi moja mpya ya Kijerumani inaweza kukaribia bei ya sanduku zima la Kichina. Iliyotumika, kwa muuzaji asiyeijua, unaipata kwa bei ya kuelewana.

Chuma chake ndicho kinachoifanya njia hii iwe na mashabiki. Biti iliyopita miaka gereji bila kujisokota imeshafanyiwa majaribio na mtu mwingine. Ila ikague kwa mwanga wa jua, iinamishe taratibu uone kingo. Ukiona mng'ao wa duara mahali palipotakiwa kuwa na kona, imeisha. Ukiona alama za grenda kwenye ncha, mtu ameipunguza ili aifufue, na kipimo chake si kilekile tena. Ukiona rangi ya bluu au ya zambarau karibu na ncha, imewahi kuungua na ugumu wake umepotea. Irudishe kwenye turubai hata ikiwa na jina kubwa kiasi gani.

Umbo hulichagui, unapokea lililoletwa. Lakini bisibisi za JIS zinapatikana kwa njia hii kirahisi kuliko dukani, kwa sababu zimetoka kulekule zilikotoka skrubu zenyewe. Vivyo hivyo racheti nyembamba za kichwa kidogo na ekstensheni ndefu, ambazo kwa bolti iliyojificha zina thamani kuliko biti. Angalia pia rangi: soketi zinazong'aa ni za mkono, nyeusi za kromu-molibdeni ni za bunduki ya upepo. Inayong'aa ukiifunga kwenye bunduki inaweza kupasuka na kurusha vipande.

Muda hauna ratiba. Unaweza kupita leo ukakuta, ukapita mwezi mzima usikute. Kwa sababu hiyo mtumba haufai kwa gari lililokwisha kufunguliwa. Unamfaa fundi mwenye gereji anayepita sokoni kila wiki na kununua kabla ya kuhitaji, na mtu anayependa vifaa kwa ajili ya vifaa vyenyewe, hao wanajijua.

Kuagiza

Hapa kuna njia tatu ndani ya moja, na zinatofautiana sana.

Dar es Salaam ni ya karibu kwa maana ya mawasiliano. Kariakoo ina maduka mengi ya vifaa na spea, muuzaji anatuma picha kwa simu, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi na unaupokea stendi. Tatizo ni kwamba anayekuchagulia hajaiona bolti yako. Mwombe apige picha ya biti ikiwa juu ya rula, ncha ikitazama kamera, kisha apige nyingine kwa ubavu. Asiyetaka kufanya hivyo huyo ana haraka ya kuuza, na ukikosea kuirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Nairobi ni karibu zaidi kwa barabara kupitia Namanga, na kwa magari ya Kizungu nafasi ya kupata ni nzuri: mwishoni mwa mwaka 2016 Volkswagen zilianza kuunganishwa Thika, na kwenye Barabara ya Kirinyaga maduka ya spea yamepangana. XZN moja moja, M8 na M10, pamoja na alenki 7 ndefu, ni vitu vya kuulizia kule. Gharama yake iliyojificha ni mpakani na kwa mtu wa kukuletea. Ukiwa na ndugu au dereva anayekwenda na kurudi, ni njia nzuri. Kumtuma mtu kwa ajili ya biti moja ni hasara.

China kupitia wakala wa mizigo ndiyo yenye chaguo pana kuliko zote: soketi za E kwa seti, T70 peke yake, biti za milimita 100 na zaidi, Torx zenye tundu katikati kwa skrubu za usalama. Ndege hutoza kwa kilo na chuma ni kizito kuliko kinavyoonekana kwenye picha. Meli ni nafuu lakini gari litakusubiri sana. Busara ni kuchomeka biti kwenye oda ya mtu anayeagiza vitu vingine.

Kwa jumla, kuagiza kunashinda kwenye umbo na kwenye kufika, kwa kuwa unachagua namba na urefu hadi milimita. Chuma kinategemea kiasi ulichokubali kulipa. Muda na usumbufu ndivyo vinavyokula faida. Njia hii inamfaa mwenye gari ambalo si la Kijapani, anayejua kwamba bolti zile atakutana nazo tena. Mwenye BMW, kwa mfano, akianza kugusa giaboksi atakuta E mfululizo, E10, E12, E14. Kwenye injini ya N52, yenye bloku ya magnesiamu, bolti nyingi ni za alumini zenye kichwa cha E na hazirudishwi zikishafunguliwa. Huyo aagize soketi pamoja na bolti mpya kwa mkupuo mmoja.

Kuchongesha

Wenye vifaa vipya wanaidharau njia hii, na nadhani wanaidharau bila haki. Arusha haikosi watu wa vyuma. Unga Limited kuna mafundi wa kuchomelea na wa kukereza, Njiro kuna TEMDO, shirika la umma linalobuni mashine, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko Arusha na Moshi. Kwa fundi wa kawaida mwenye jiliwa, grenda na mashine ya kuchomelea, baadhi ya biti ni kazi ya dakika chache.

Ya kwanza ni alenki iliyokatwa. Chukua alenki yenye umbo la L, kata kipande cha sentimita mbili kutoka upande mrefu, kivishe kwenye spana ringi ya namba hiyohiyo. Una kifaa kifupi kuliko chochote kinachouzwa dukani. Ikatwe kwa diski nyembamba, kidogo kidogo, kipande kikizamishwa kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka bluu kimelainika, na alenki iliyolainika haina tofauti na msumari.

Ya pili ni bolti iliyogeuzwa biti. Giaboksi nyingi za zamani za Volkswagen zina kizibo cha alenki 17, kifaa ambacho hutakiona kwenye sanduku la kawaida. Tafuta bolti nene ambayo kichwa chake kinafunguliwa kwa spana 17, ifunge nati mbili kwenye uzi wake, zikazane, kisha zichomelewe. Kichwa kinaingia ndani ya kizibo, spana inashika nati. Gharama yake ni bolti, nati mbili na soda ya fundi.

Ya tatu ni kurefusha: biti ya dukani inachomelewa kwenye fimbo ya chuma ili ifike chini ya tundu. Hapa moto ni adui kuliko sehemu nyingine zote. Biti ifungwe kitambaa kilicholowa upande wa ncha, na kuchomelea kuwe kwa vituo vifupi. Njia ya nne ni kukonda: soketi ya kawaida inapunguzwa unene kwa mashine ya kukereza ili iingie kwenye tundu jembamba. Inafanya kazi, lakini ukuta uliokonda unapasuka ukitumiwa kwa nguvu, kwa hiyo iwe ya kazi ile tu.

Kisichochongeka kwa tupa ni Torx ndogo na XZN. Fundi akikuahidi XZN ya kuchonga kwa mkono, mshukuru na uende zako. Kwa umbo, basi, kuchongesha kunabaki kwenye pembe sita na pembe nne. Kwa kufika hakuna kinachoshindana nako, maana kifaa kimetengenezwa kwa tundu lako. Chuma ni kile ulichomletea, ukitoa ugumu alioupoteza kwa moto. Muda ni masaa, fedha ni za maelewano. Kunamfaa aliyekwama leo, na mwenye bolti ambayo haitafunguliwa tena kwa miaka.

Sijaweka kuazima kama njia ya tano, ingawa watu hufanya. Kampuni kubwa za utalii Arusha zina gereji zao na makabati ya vifaa, na fundi anayemjua fundi hapitwi na biti. Lakini kifaa cha watu hakitembei kirahisi, na sawa tu. Ukitaka msaada peleka gari, usiombe biti iletwe kwako.

Kwa hali yako

Una Toyota, Nissan au Suzuki ya kawaida na unafanya kazi ndogo nyumbani: sanduku la dukani, ukiongeza bisibisi moja ya JIS namba 2 na moja namba 3 siku utakapozikuta mtumba. Kama kazi ni ya eabegi, chomoa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa T30 yoyote, na hapo usitumie kifaa cha kuchongesha.

Una Volkswagen, Audi, Opel au BMW: agiza kabla hujafungua chochote. Kwa Volkswagen anza na XZN M8 na M10 ndefu na alenki 7. Bolti za XZN M8 zinazoshika shafti za magurudumu ya mbele kwenye giaboksi hujaa matope ya barabara zetu yaliyochanganyika na grisi, na biti nzuri haitasaidia ikisimama juu ya uchafu. Chokonoa kila ncha kwa msumari mwembamba, puliza, chomeka biti, kisha igonge kwa nyundo ndogo. Mlio huanza mzito na wa kuzibwa. Ukigeuka kuwa mkali, chuma kimegusa chuma na sasa unaweza kukaza mkono.

Una gereji na magari ya kila namna yanaingia: changanya. Biti unazozitumia kila wiki zinunue mtumba wa jina au uziagize, zile za mara moja kwa mwaka ziache kwenye sanduku la Kichina.

Umekwama Boma Ng'ombe au Usa River na kichwa ni cha pembe sita: mtafute fundi wa kuchomelea aliye karibu kabla ya kuita gari la kuvuta. Kama kichwa ni XZN au Torx, usilazimishe chochote. Ifunike bolti, rudisha ulivyovifungua, gari liende hivyo kama linaweza kwenda salama.

Bolti imekwisha kuliwa: usinunue biti yoyote, hata ile ya namba sahihi. Ikiwa kichwa kinafikika, nati ichomelewe juu yake na ifunguliwe kwa spana ikiwa bado ina joto. Joto lenyewe hulegeza kutu. Ikiwa kimezama ndani ya tundu na pembeni kuna mipira, nyaya au mafuta, hiyo ni kazi ya fundi mwenye drili na mkono uliotulia.

Na mwenye Subaru anayetaka kubadili oili ya difu ya mbele tu, T70 si ya kununuliwa kwa haraka. Ulizia gereji zinazoshughulika na Subaru, lipia kazi hiyo, na ukiwa chini ya gari pale hakikisha kizibo kinaondolewa kwa biti iliyokaa hadi chini. Kikiliwa na mwingine, mzigo wa kukifungua safari ijayo utakuwa wako.